Mto Rusizi Unaingia au Unatoka? Imani Yetu Katikati ya Imani za Jirani Ziwani Tanganyika

Vijana wa makanisa yetu ya Kigoma huulizwa swali moja mara kwa mara, shuleni, sokoni na ndani ya daladala za Ujiji: "Wewe ni Mkristo kwa sababu babu yako aliishi karibu na misheni. Angeishi Ujiji karibu na msikiti, leo ungekuwa Mwislamu, na ungeutetea Uislamu kwa nguvu hiyohiyo. Unawezaje kusema kwamba imani yako ndiyo ya kweli?" Wengine hujibu kwa hasira. Wengine hunyamaza, na ukimya huo huenda nao nyumbani, ukakua, mpaka siku moja hawaonekani tena ibadani. Swali hili si la kupuuzwa, na halijibiwi kwa kupaza sauti. Tulijibu kwa kutazama historia ya pwani yetu wenyewe, kwa maana ni sehemu chache Tanzania ambako imani mbalimbali zimekutana kwa muda mrefu na kwa karibu kama hapa.

Kwanza tukubali sehemu ya swali iliyo kweli. Imani zilifika ziwani kwa kufuata njia, na aliyeishi kando ya njia ndiye aliyezisikia.

Kabla ya wageni, Waha walimjua Mungu kwa jina la Imana, jina ambalo ndugu zetu Warundi wanalisoma hata leo katika Biblia yao. Pamoja na Imana palikuwa na hofu ya pepo na mizimu. Kusini mwa Ujiji iko rasi ya Kabogo. Wasafiri wa miaka ya 1870 waliandika kwamba waendesha mitumbwi walipopita hapo walitupa shanga majini, kumtuliza mwenye mahali pale ili wavuke salama.

Kisha ikaja njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Katikati ya karne ya 19 Ujiji ilikuwa tayari mji wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, wakinunua pembe za ndovu, na pia wakinunua watu. Wamanyema wengi walivushwa ziwa wakiwa watumwa au wapagazi, wakabaki Ujiji, wakaupokea Uislamu. Tusiwadharau kwa hilo. Mtu aliyenyang'anywa ukoo na kijiji chake alipata katika dini ile jina, sala, jamaa na heshima ya muungwana. Na Kiswahili tunachohubiria Injili kilifika ziwani kwa midomo ya watu hao. Maneno yetu ya madhabahuni, kama imani, sala, toba, rehema na hata Injili yenyewe, yana asili ya Kiarabu.

Ukristo ulikuja kwa njia hiyohiyo. Mwezi Agosti 1878 Edward Hore, aliyekuwa baharia, na mwenzake Thomson wa London Missionary Society walifika Ujiji. Mwezi mmoja baadaye Thomson alikuwa kaburini. Mapadre Weupe waliotumwa na Kardinali Lavigerie walifika Januari 1879. Mwaka huohuo walikwenda Rumonge, upande wa Burundi wa leo, na mwaka 1881 watatu kati yao waliuawa huko. Watu wa London waliiacha Ujiji baada ya miaka michache, wakahamia kusini mwa ziwa, na Mapadre Weupe walipewa ngome ya Karema na Wabelgiji mwaka 1885. Miongo mingi baadaye Kigoma ikawa jimbo Katoliki mwaka 1953, na mwaka 1966 Waanglikana wakaanzisha Dayosisi ya Western Tanganyika yenye makao yake Kasulu. Ukiitazama ramani ya dini ya mkoa wetu, unaona nyayo za wapagazi, mahali mashua zilipotia nanga, na mahali homa ilipomshinda mmisionari akageuka.

Kwa hiyo anayetuuliza hasemi uongo. Kazi yetu ni kuona jambo hilo linathibitisha nini, na halithibitishi nini. Kabla ya hapo, yako majibu matatu tuliyoyazoea ambayo hayatoshi.

Jibu la kwanza ni kusema: tazameni matendo ya watu wetu, na tazameni matendo ya watu wao. Wengi wetu tumefundishwa historia ya Ujiji hivyo, Mkristo akiwa mkombozi na Mwarabu akiwa mwuza watumwa. Lakini soma habari za David Livingstone kwa utulivu. Mwanzoni mwa mwaka 1869 alikuwa mahututi kwa ugonjwa wa mapafu. Aliyemtunza, akamfanya abebwe kwenye machela hadi Ujiji alikofika mwezi Machi, alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, Mohamed Bogharib. Julai 1871 huko Nyangwe, Livingstone aliona watu wa wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, na mamia wakafa. Alirudi Ujiji akiwa amevunjika moyo, akakuta Sherif, aliyekabidhiwa bidhaa zake, ameshaziuza zote. Katika siku hizohizo Said bin Majid, Mwislamu pia, alijitolea kuuza sehemu ya pembe zake ili amsaidie. Hayo yote yalitokea kabla Stanley hajafika.

Watu hao wote walikuwa wa dini moja. Ukichagua Nyangwe peke yake, unapata hukumu moja. Ukichagua machela ya Bogharib, unapata nyingine. Na wao wanaweza kutufanyia vivyo hivyo, kwa kuwa misheni zililindwa kwa bunduki, na nyuma ya wamisionari zilikuja bendera za Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza. Bwana Yesu alisema mti hutambulikana kwa matunda yake, na neno hilo ni kweli. Lakini alilisema ili tujichunguze na kujihadhari na manabii wa uongo. Hakutupa ruhusa ya kuokota tunda bovu katika shamba la jirani na kuficha la kwetu.

Jibu la pili ni kushinda mjadala. Jibu hili nalo lina historia. Mwaka 1879, katika ikulu ya Kabaka Mutesa huko Buganda, Mackay wa Kanisa la Uingereza na Padre Lourdel, Mfaransa wa Mapadre Weupe, walibishana waziwazi juu ya nani anafundisha kweli. Waislamu waliokuwa na nafasi yao ikuluni walisikiliza. Kabaka naye alishangaa: ikiwa wazungu wenyewe hawakubaliani, yeye atajuaje ipi ni dini ya kweli? Mutesa alikufa mwaka 1884 bila kubatizwa. Hatuwezi kusema ni mabishano yale tu yaliyomzuia, kwa kuwa alikuwa na hesabu zake za kifalme. Lakini ni wazi kwamba hayakumsaidia.

Tangu miaka ya 1980 sisi wenyewe tumeona mihadhara ya kulinganisha dini katika miji yetu, spika zikielekezwa barabarani, Biblia na Kurani zikisomwa ili mmoja acheke na mwingine aaibike. Mwenye ulimi mwepesi hushinda jioni hiyo. Kesho yake anakuja mwingine mwenye ulimi mwepesi zaidi. Kama kweli ingeamuliwa kwa njia hiyo, ingebadilika kila wiki.

Jibu la tatu ni damu ya mashahidi. Tarehe 3 Juni 1886 huko Namugongo vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja, wale ambao walimu wao walikuwa wamebishana mbele ya Kabaka. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu Wakatoliki 22 mwaka 1964, aliwakumbuka pia Waanglikana waliokufa pamoja nao. Tunawaheshimu kwa haki. Lakini miaka kama 10 kabla yao, Mutesa alikuwa amewaua makumi ya vijana Waislamu wa ikulu yake, waliokataa kula nyama ambayo haikuchinjwa kwa taratibu za dini yao. Nao walikufa kwa imani. Kifo cha shahidi kinathibitisha kwamba aliamini kwa moyo wote. Peke yake hakithibitishi kwamba alichokiamini ni kweli.

Je, basi hatuna la kusema? Hapa ndipo wengi huteleza. Wanaona majibu matatu yameanguka, wakahitimisha kwamba dini zote ni sawa, au kwamba zote ni bure. Hitimisho hilo halifuati. Ziwa letu lenyewe linatufundisha kwa nini.

Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, walitaka kujua jambo moja: je, Mto Rusizi ulioko kaskazini unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, huenda ndio chanzo cha mto Nile. Waliuliza, wakapewa habari zinazopingana. Mmoja alisikika akisema unatoka. Walipofika Uvira, wenyeji walisema unaingia. Wageni hao hawakufika mdomoni mwa mto, wakaondoka na ubishi wao hadi Ulaya. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi Ujiji, wakaenda hadi mwisho wa ziwa, wakauona. Rusizi unaingia. Wenyeji wa Uvira walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo.

Tafakari hapo. Katika miaka yote 13 ya ubishi, mto ulikuwa unaingia. Wingi wa maoni haukuufanya usiingie, wala usiwe na mwelekeo wowote. Na mtoto wa Uvira aliyejua kwamba unaingia kwa sababu tu alizaliwa Uvira, alijua kweli. Alifikia kweli kwa bahati ya kuzaliwa, lakini ilikuwa kweli. Kwa hiyo anayeniambia, "Unaamini hivyo kwa sababu ulizaliwa hapa," ameeleza jinsi nilivyopata imani yangu. Hajasema lolote kuhusu kama ni ya kweli. Na asiyeamini dini yoyote naye amezaliwa mahali fulani, amesoma shule fulani. Hoja hiyo ikimwangusha mmoja, inawaangusha wote, na yeye aliyeitoa akiwamo.

Ziwa linatufundisha na jambo la pili, kuhusu Mto Lukuga ulio ng'ambo, Kongo. Mwaka 1874 Cameron alisema huo ndio mto unaotoa maji ya ziwa. Mwaka 1876 Stanley alikwenda, akakuta umezibwa kwa matope na majani, maji hayatoki sawasawa, akampinga. Mwaka 1879 Hore, mmisionari wa Ujiji, alikwenda akakuta maji yanatoka kwa nguvu. Hakuna kati yao aliyedanganya. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda mpaka yakasukuma kile kizuizi, na kila mmoja alifika kwa wakati wake. Ndivyo watu waaminifu wanavyoweza kutofautiana. Jirani yangu Mwislamu asiyekubaliana nami si lazima awe mwongo, mkaidi au mjinga. Huenda ameona anachosema ameona, kutoka mahali aliposimama.

Lakini mfano huu una mpaka wake, na tuuseme wazi. Kuuona Rusizi kulihitaji mtumbwi na wapiga makasia. Kumwona Mungu hakuna mtumbwi wa kukodi. Mambo mengine tutayaona siku ya mwisho tu. Kwa hiyo Mkristo hana uthibitisho wa aina ile, na akijidai anao, atakamatwa na mwanafunzi wa kidato cha pili.

Alicho nacho ni sababu. Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 15, aliiweka imani yetu juu ya tukio moja. Aliwataja walioshuhudia kwamba Kristo amefufuka, akasema wengi wao walikuwa bado hai, kana kwamba anawaambia wasomaji wake waende wakawaulize. Akaongeza kwamba kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure na imani yetu ni bure. Imani inayokubali kusema ni kitu gani kingeifanya iwe bure ni imani isiyoogopa kuchunguzwa. Hapa pia ndipo tunapotofautiana na jirani zetu kwa kweli, maana Kurani, katika sura ya nne, inakana kwamba Yesu alisulubiwa. Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli yote pamoja. Adabu haitutaki tujifanye hatuoni tofauti hiyo.

Tunazo sababu za kusimama upande tuliosimama: ushahidi wa watu wa mwanzo, ule woga wa wanafunzi uliogeuka kuwa ujasiri, na karne nyingi za maisha yaliyobadilika. Jirani ana sababu zake pia, na tunapaswa kuzisikiliza. Sababu zetu zinatutosha kusimama bila aibu. Hazitoshi kumlazimisha mtu mwingine, na Mungu hakutupa za kulazimisha. Anayetaka kuongeza kwa nguvu kilichopungua katika hoja amekwisha kuacha njia ya Kristo.

Basi, mtu aliyepokea imani kwa bahati ya njia anaifanyaje kuwa yake? Pwani hii imetuachia watu wawili wa kuwatazama.

Wa kwanza ni Abdullah Susi, mtu wa Zambezi, aliyefanya kazi na Livingstone tangu miaka ya 1860. Ndiye aliyetoka mbio Ujiji kumlaki Stanley. Livingstone alipokufa mwaka 1873 katika nchi ya Zambia ya leo, Susi na Chuma na wenzao walibeba mwili wake hadi Bagamoyo. Miaka yote hiyo aliiona imani ya Mkristo kwa karibu, pamoja na udhaifu wa mwenye imani hiyo. Hakubatizwa kwa haraka. Alibatizwa Unguja mwaka 1886, miaka 13 baada ya bwana wake kufa, wakati hapakuwa tena na mtu wa kumpendeza.

Wa pili ni Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, Afrika Magharibi, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, wakamsomesha, kisha akajifunza udaktari Malta. Mwaka 1889 alikuwa Karema. Kama kuna mtu ambaye imani yake ilitegemea mahali alipotupwa na wengine, ni huyu. Mkombozi wake angekuwa wa dini nyingine, yeye naye angekuwa wa dini hiyo. Lakini alibaki Karema akiwa daktari na katekista mpaka alipokufa mwaka 1956, miaka zaidi ya 60. Muda huo unatosha mtu kugundua kama alichopewa utotoni kinabeba uzito wa maisha au hakibebi. Hakuchagua mahali alipoanzia. Kubaki alichagua, kila asubuhi alipofungua mlango wa zahanati.

Maisha ya Atiman hayamthibitishii Mungu mtu asiyetaka kusikia. Lakini yanatuonyesha imani inavyopimwa na mwenye imani mwenyewe: kwa kuiishi, kwa muda mrefu, mahali penye mzigo.

Na hapa swali linaturudia sisi. Baadhi yetu tunabishana na Waislamu mchana kuhusu Utatu Mtakatifu, na usiku mtoto akiugua tunabisha hodi kwa mganga. Wapo wavuvi wanaoimba kwaya Jumapili na kufunga hirizi kwenye mtumbwi Jumatatu. Zile shanga za Kabogo bado zinatupwa, kwa jina lingine. Anayetuuliza kwa nini imani yetu ni ya kweli ana haki ya kutuuliza kwanza kama tunaiamini.

Tufanye nini, basi? Tujifunze imani yetu, maana wengi tunaitetea bila kuijua. Tusome Injili nzima, tuache kukariri mistari ya kushindia mijadala. Tumwulize jirani anaamini nini, tumsikie kwa kinywa chake badala ya kusikia habari zake kwa mhubiri anayempinga. Kijana akileta swali gumu kanisani, mzee asimkemee kana kwamba ametenda dhambi, kwa kuwa Tomaso aliuliza na Bwana hakumfukuza. Na tunapojibu, tufuate agizo la Mtume Petro katika waraka wake wa kwanza sura ya 3. Alitaka tuwe tayari siku zote kueleza sababu ya tumaini letu, na alitaka tuieleze kwa upole. Wengi tumeshika nusu ya agizo hilo.

Kijana anayeulizwa ndani ya daladala ya Ujiji anaweza kujibu hivi: "Ni kweli, nimeipokea kwa babu yangu. Nimeichunguza, naendelea kuichunguza, na hizi ndizo sababu zangu. Sasa niambie zako." Akisema hivyo kwa utulivu, hajamshinda mtu yeyote, wala hajaikana imani yake. Ameanza mazungumzo ambayo Mackay na Lourdel hawakuyaweza.